Sugu ya Goti

8 Januari 2024, Izia

Nimerudi. Mvua imenipokea stendi ikanisindikiza mpaka mlangoni, na mguu wa kulia nimeukokota nyuma yangu kama mzigo wa mtu niliyeombwa nimsaidie. Wiki saba nilikuwa hospitali ya mbali, huko kaskazini, kuanzishiwa dawa za TB sugu ya goti. Siku ya kutoka nilikaa foleni moja na wenzangu wa mapafu. Wao watameza miezi sita. Mimi mwaka na nusu. Ugonjwa mmoja, sugu ileile, mimi mara tatu yao. Nikamuuliza daktari, hesabu hii kapiga nani?

"Mama, mfupa hauna haraka," akasema.

"Mimi ninayo," nikamjibu.

Flavian, fundi wa mashine yangu ya kusaga, amenipokea mizigo. Sijavua hata viatu ameshaanza: mkanda umechakaa, chekeche limetoboka. Angalau yeye ameona kwamba nimerudi. Kutoka kijijini hakuja mtu. Kaka yangu Cornelius amepiga simu jioni.

"Enhe, bado hiyo sugu yako?"

"Bado."

"Ipakae mafuta ya nyonyo, ufunge na kitambaa. Sugu haijawahi kuua mtu."

Nimemkatia simu. Tumetoka tumbo moja, naye analifanyia mzaha goti langu.

9 Januari

Mvua kutwa. Nimemeza dawa, nimetapika chai.

15 Januari

Kliniki ya TB hapa mjini nimekabidhiwa kwa muuguzi anaitwa Sharon, binti aliyesuka nywele za rangi mbili.

"Mambo, mama!"

Nikamtazama.

"Shikamoo," akajirekebisha.

"Marahaba."

Akamwaga vidonge kwenye kifuniko na kunieleza kimoja kimoja. Hiki kinaweza kuleta ndoto mbaya. Hiki kinapimiwa moyo kila mwezi. Hiki chekundu kitakuongezea weusi.

"Kwani huu nilionao umepungua?"

Akacheka mpaka akaweka kifuniko chini. Halafu akashika kidonge kirefu cheupe, uso ukabadilika. "Hiki ndicho tunachokichunga. Kinaua vijidudu vya mfupani kweli kweli, lakini kinaweza kupunguza damu na kutia ganzi miguu. Ukisikia ganzi, usinifiche. Na pombe usiguse, hasa ya kienyeji. Hiki na kitu kilichochachuka haviishi nyumba moja. Presha itaruka."

"Sitaki kunywa. Nataka kumimina tu."

"Kumimina nini?"

Amelelewa Dar es Salaam huyu, atakijulia wapi chungu chetu.

28 Januari

Jumapili. Kanisani nimekaa benchi la nyuma, mguu nimeunyoosha njiani, watu wanauruka kama gogo. Wengine wakipiga magoti mimi nimekaa kama mtalii.

Nimerudi nikamwaza mama. Baada ya ulezi kuvunwa, uwanja wa nyumbani ulikuwa unanuka mabua makavu na moshi, na chungu kikubwa kiliwekwa chini katikati, kimejaa ulezi uliochachushwa. Wazee walikizunguka kwenye vigoda, kila mmoja na mrija wake wa tete mdomoni. Mirija yao waliitunza juu kwenye nyasi za paa, na mtoto aliyechezea mrija wa mzee alijua atakachokipata. Mama alipiga magoti kando ya chungu na kibuyu cha maji ya moto. Kazi yake ilikuwa kumimina. Akiharakisha, pombe inakuwa maji. Akichelewa, wazee wanavuta hewa. Alikuwa haangalii chungu, anasikiliza. "Mirija ikianza kukoroma," aliniambia, "ndipo unaongeza." Mimi nilikuwa namshikilia kanga isiingie motoni.

Baba alikuwa akisema mke anayemimina vizuri ameshika familia nzima mkononi, maana wote wananywa kutoka kwake.

Mama alipofariki, mahali pale pakawa pangu, binti wa kwanza. Nimemimina misimu mitatu. Wa nne, mwaka jana, goti lilikuwa limeshavimba na nilikuwa nimeanza dawa za TB za kawaida, zile ambazo hazikusaidia kitu. Nikiwa katikati ya kumimina, Avelina, mke wa Cornelius, alikuja akanipokonya kibuyu. Mbele ya watu wote. Hakusema hata neno. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia shangazi Silvana akinong'ona: "Kifua kikuu."

Basi niandike, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikutaka: mwaka huu ulezi ukivunwa, nataka kurudi pale. Nataka goti likunje, na nataka kibuyu changu.

3 Februari

Shangazi Silvana amekuja mjini kusagisha. Yeye ndiye dada pekee wa baba aliyebaki, na ukoo mzima unamwogopa. Amesimama mlangoni, hakuingia. Nimeshindwa kupiga magoti kumwamkia, nimeinama kidogo na kupiga makofi. Ameyaangalia makofi yangu kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unakohoa?"

"Sikohoi. Ni goti, shangazi. Mapafu yamepigwa picha, ni safi."

"Kifua kikuu cha goti." Akatikisa kichwa. "Goti lina kifua?"

"Ndivyo wanavyouita ugonjwa. Kifua kikuu cha mifupa."

"Kifua ni kifua, Valeria."

Nimempa chai kwenye kikombe. Amekishika mpaka kimepoa, akakiweka dirishani kimejaa vilevile.

4 Februari

Kikombe nimekiosha. Nimekitumia mwenyewe siku nzima, kwa hasira.

19 Februari

Daktari Edwin, wa mifupa, amenipima kwa kipimapembe, kile cha plastiki cha watoto wa shule. Goti linakunja digrii ishirini.

"Kupiga magoti kunahitaji ngapi?" nikauliza.

"Kupiga magoti ukakalia visigino? Zaidi ya mia na arobaini."

"Nina miezi mitano mpaka chungu cha ulezi. Nikipata ishirini na nne kila mwezi, nafika."

Hakucheka. Amesema gegedu, ile nyama ngumu kati ya mifupa, limeliwa. Dawa zinaua ugonjwa, hazioteshi kilicholiwa. Mvua zikiisha ataamua: kuliacha hivyo, au kunipasua na kuunganisha mifupa liwe nguzo. Halitauma tena, wala halitakunja tena.

Nimetoka nje nikakaa kwenye ukuta. Goti hili, jamani. Nikiwa na miaka ishirini na mbili lilinipandisha mlima kutoka Muze na mchele kichwani, maana lori lilipanda siku lilipopenda, na kilo zilizofika mjini mapema ndizo zilizouzika. Tulikuwa wanawake wanne. Tunaanza bondeni jasho linatiririka, kila kona hewa inapoa, na juu kabisa tunafunikwa na ukungu, tunavaa masweta tuliyojifunga kiunoni. Tulikuwa tukifika juu tunageuka kuliangalia Ziwa Rukwa limelala kule chini, na kila mara kuna mmoja anasema, "Sirudi tena." Wiki ijayo huyohuyo yuko mbele. Kutoka kwenye mchele nikanunua mizani, kutoka kwenye mizani nikafikia mashine. Hakuna mwanaume wala benki aliyenisukuma. Ni magoti mawili, na moja ndilo hili.

2 Machi

Mvua. Cornelius amepiga simu. Wanalima ntumba, vile vilima vya kupandia, na watu wa kulima ni pungufu. "Wengine mna bahati, sugu tu mnapumzika mwaka mzima."

11 Machi

Sijui niandike nini kwanza. Asubuhi nilichemsha maji ya kukanda miguu, maana wiki mbili hizi nyayo zimekuwa kama zimevaa soksi nene. Sikumwambia Sharon. Nilijua atapunguza kidonge kirefu, na nilihesabu kwamba kidonge kikipungua, digrii nazo zitapungua. Nikatumbukiza miguu, nikaendelea kupiga mahesabu ya dizeli. Flavian aliingia kuuliza jambo akasema, "Mama, hayo maji yanafuka moshi." Nikatoa miguu. Malengelenge. Na sikuwa nimesikia chochote.

Kliniki Sharon hakunifokea, ingekuwa nafuu angenifokea. Alinifunga miguu huku ameuma midomo. Damu imepimwa: saba. Ilikuwa kumi na mbili.

"Ulianza kuhisi ganzi lini?"

"Wiki mbili."

"Mama, mimi sikuhesabii vidonge ili nikukomoe." Akaandika. Kidonge kirefu kimekatwa nusu. "Na hutakaa peke yako. Nipe namba ya ndugu."

Nikampa ya Cornelius nikijua hatakuja.

13 Machi

Hakuja. Amekuja Avelina. Katika watu wote!

Amefika na mvua, kikapu kichwani: maharage mabichi, kuku mmoja, unga wa ulezi. Hajaniuliza akae au asikae. Ameingia jikoni akaanza kusugua sufuria ambazo mimi nilidhani ni safi.

14 Machi

Hatuzungumzi, zaidi ya "umeamkaje wifi" na "salama wifi".

17 Machi

Anapika uji wa ulezi na karanga. Unanuka kama uwanja wa nyumbani.

20 Machi

Asubuhi na jioni ananiosha miguu. Kila mara anatumbukiza kiwiko chake kwanza ndani ya maji, anatulia, kama anayesikiliza. Leo nikamwambia, ni kiwiko cha kuogeshea watoto wachanga hicho.

"Na wewe umekuwa mtoto," akasema. "Tena mkorofi."

Nikacheka kabla sijajizuia. Basi kilichokuwa kimenikaba mwaka mzima kikanitoka. Nikamuuliza, Avelina, kwa nini ulininyang'anya kibuyu?

Akaacha kuosha. Alionekana kushangaa kwamba hilo nalo ni swali.

"Wifi, hukuona? Ulikuwa unamimina nje. Goti lilikuwa linatetemeka, maji yamechuruzika mpaka kwenye mguu wa mzee Oswaldi, akavuta mguu, akanyamaza kwa heshima yako. Kidogo tu ungejimwagia mapajani. Ningesema nini mbele za watu? 'Jamani wifi yangu hawezi'? Nikachukua kibuyu."

"Mimi nilidhani umeogopa TB."

"Ningeogopa TB ningekuwa nakuosha miguu?"

"Shangazi alisema kifua kikuu. Nilimsikia."

"Shangazi alisema, ndiyo. Na wapo waliochomoa mirija yao wakaondoka. Sikufichi. Lakini mimi sikuwa miongoni mwao."

Akaendelea kuosha. Mwaka mzima nimemchukia mtu huyu kwa bidii, nimemsema mpaka kwa Flavian. Sasa chuki yote hii nimwekee nani? Siwezi kuitupa tu, nimeitunza vizuri.

26 Machi

Avelina ameondoka, kuna palizi. Malengelenge yamekauka. Damu tisa. Nyumba imekuwa kubwa.

31 Machi, Pasaka

Mvua wakati wa misa, jua wakati wa kutoka. Nimekula wali wa Muze. Peke yangu, na Flavian na mkewe baadaye.

18 Aprili

Digrii ishirini na nane. Usaha haupo tena. Picha inaonyesha ugonjwa umesimama, na daktari Edwin amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akakaa chini, na daktari akikaa chini mimi najua.

"Mama Valeria, linaweza kufika arobaini. Sioni likizidi. Kupiga magoti, naomba ulisahau. Sasa chagua: nikuunganishie sasa, au tusubiri?"

"Nikisubiri, naharibu nini?"

"Maumivu tu. Na fimbo."

"Subiri mpaka ulezi upite."

Akaniuliza ulezi una uhusiano gani na goti. Safari hii nilieleza, kuanzia kibuyu mpaka mirija. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni mtu wa ziwani, Kirando huko, kwao hawanywi kwa mirija. Akasema, "Kwa hiyo shida yako ni urefu. Chungu kiko chini, wewe uko juu."

"Chungu huwekwa chini. Kimekuwa chini tangu babu wa babu yangu."

"Sawa," akasema. "Mimi natibu mifupa tu."

6 Mei

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Sharon alisema lazima afike kwa ndugu zangu kuwapima, maana ugonjwa huu nilikutana nao mahali, na huenda yupo anayekohoa kimyakimya aliyeniambukiza. Tumekwenda, yeye kwa pikipiki, mimi kwa bajaji na mguu nje ya mlango. Mvua zimekata. Mahindi yamesimama makavu, ulezi umeinamisha vichwa vya kahawia, na ntumba za mwaka huu zimetapakaa hadi mlimani, vilima vya mviringo vya udongo na nyasi zilizofukiwa, kila kimoja kinafika kiunoni mwa mtu. Nilisahau jinsi zinavyopendeza. Mama alikuwa analima ntumba huku anaimba, na ya kwake ulikuwa unaijua kwa mbali, ilikuwa duara kama iliyochorwa.

Cornelius alikuwa uwanjani. Shangazi Silvana amekaa kwenye ngozi. Avelina akaleta viti. Sharon, ambaye siku hizi anaamkia wakubwa vizuri sana, akaeleza.

"TB ya mapafu ndiyo inayotoka kwa hewa, mtu akikohoa. Hii ya mama Valeria imejifungia ndani ya mfupa. Haina mlango wa kutokea. Mnaweza kula naye, kulala naye chumba kimoja."

"Lakini inaitwa kifua," shangazi akasema.

"Ni jina tu, bibi. Hata homa ya ini inaweza isichemshe mwili."

Shangazi akaendelea kutafuna.

"Na ni sugu," Sharon akaendelea. "Maana yake vijidudu vyenyewe vimezizoea dawa za kawaida, haziviui. Ndiyo maana anameza hizi kali, ambazo zimemla damu na kumtia ganzi miguuni. Asingezimeza, tungemkata mguu, au tungemzika."

Cornelius akainua kichwa. "Subiri, sista. Unasema sugu ni nini?"

"Ugonjwa usiosikia dawa."

"Si..." Akafungua viganja vyake akaviangalia. Vimejaa sugu za jembe, ngumu kama soli ya kiatu. "Si hizi?"

Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa.

"Valeria aliponipigia simu akiwa kule hospitali alisema, 'Wamepima, wamekuta ni sugu.' Mimi nikasema Mungu mkubwa! Kumbe si kifua kikuu, ni sugu tu, ya kupiga magoti." Akavikunja viganja. "Nikamwambia kila mtu hapa kijijini. Nikamwambia katekista. Dada yangu ana sugu, anajidekeza mjini. Hata Avelina alipokwenda kumuuguza, nilidhani ni kwa ajili ya maji ya moto tu. Nikamwambia apake mafuta ya nyonyo!"

Avelina ndiye aliyeanza kucheka, amejiziba mdomo kwa kanga. Kisha Sharon. Kisha mimi, mpaka machozi. Cornelius hakucheka. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anapenga kamasi.

Kwa hiyo ndiyo habari yenyewe. Ugonjwa mmoja, kaka yangu akausikia jembeni, shangazi akausikia kifuani. Kati yao wawili mimi nilikuwa ama mvivu ama kifo. Na miezi yote hiyo mtu wa mafuta ya nyonyo hakuwa ananitania. Alikuwa ananipa dawa.

Aliporudi alikaa karibu yangu. "Kwa nini hukunieleza?"

"Nilidhani unanidhihaki."

"Mimi?"

Wote wamepimwa, wote wazima.

Wakati wa kuondoka alisema, "Mwaka huu utakuja kwenye chungu."

Nikamwambia goti halikunji, daktari amesema halitakunja tena. Nilisema haraka, nikiangalia bajaji. Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka kwa sauti.

Aliangalia mashamba.

9 Juni

Wameanza kuvuna ulezi. Avelina amenitumia kichwa kimoja kwenye gazeti. Nimekiweka juu ya mizani ya dukani. Wateja wanadhani ni dawa.

24 Juni

Baridi na upepo, ule wa kukausha midomo. Damu kumi na moja. Ganzi imebaki vidoleni tu. Digrii thelathini na tisa.

13 Julai

Avelina alipiga simu: chungu kimeiva. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kulia mbele ya watu. Nilikwishajipangia: nitakaa kwenye kiti pembeni, nitasalimia, nitarudi kabla ya jua kuzama.

Uwanja umefagiliwa. Mabua yanafuka moshi pembeni, harufu ileile. Na katikati ya uwanja kuna ntumba.

Ntumba, mwezi Julai! Ardhi kavu kama tofali, hakuna nyasi mbichi ya kufukia, nani analima ntumba Julai? Ilikuwa mpya, imepigwa maji ikakandwa, duara kama iliyochorwa, urefu wake kiunoni mwangu. Juu imesawazishwa. Na juu yake kimekaa chungu.

Wazee wamesimama kuizunguka na mirija mikononi kama watu waliopotelewa na viti.

"Cornelius," akasema mzee Oswaldi, "hiki chungu kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote, baba. Kimesimama kama sisi."

"Nina miaka sabini na minane, sijawahi kunywa nimesimama kama ng'ombe."

"Ng'ombe huinama," akasema Avelina. "Wewe utakunywa umenyooka kama mkuu wa mkoa."

Watu wakacheka. Cornelius hakunitazama. Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, na nilimwona anakunja na kukunjua vidole. Kukanda udongo mkavu namna ile, jembe moja, ni kazi ya siku mbili kwa mtu wa umri wake.

Avelina akachukua kibuyu kando ya moto. Akatumbukiza... hapana, hakutumbukiza kiwiko, maji yalikuwa yametoka kuchemka. Alikigusa kibuyu kwa nje tu, akanipa. Mikono yote miwili, na akapiga goti yeye, kwa niaba yangu.

Nikasimama kando ya ntumba, mguu wa kulia umenyooka, fimbo nimeegemeza kwenye udongo. Nikamimina. Hakuna tone lililomwagika nje. Mvuke ukapanda na harufu ya ulezi, na hapo sikuona kitu kwa muda. Acha waseme ni mvuke.

Mzee Oswaldi akawa wa kwanza kutumbukiza mrija wake. Akavuta, akafikiri, akasema, "Mh." Wengine wakafuata. Cornelius. Wajomba. Nilikuwa nawahesabu bila kutaka. Mirija kumi na mmoja, na palikuwa na nafasi ya wa kumi na mbili.

Shangazi Silvana alibaki kwenye ngozi yake ukutani. Amejifunika kanga kichwani, anatazama. Mrija wake mrefu, uliokolea weusi, ulikuwa magotini. Nikamimina mara ya pili. Ya tatu. Watu walishaanza kusimulia, mtu akaanza wimbo. Mimi sikuimba. Nilikuwa nasikiliza, kama mama, sauti ya mirija tu.

Halafu kanga ikanigusa mkono. Shangazi amekuja na fimbo yake. Tulisimama fimbo kwa fimbo, mimi na yeye. Ni mfupi, chungu kinamfika kidevuni. Akautia mrija, akavuta muda mrefu, macho amefumba. Nikasubiri.

Mrija ukakoroma.

"Wee Valeria," akasema bila kufumbua macho. "Mirija inakoroma na umesimama tu. Au goti limeanza kukohoa?"

Nikaongeza maji.

15 Julai, Izia

Mguu umevimba kwa kusimama. Dawa asubuhi mbele ya Sharon, akaniuliza kama nilikunywa. Nikamwambia niliwanywesha. Akasema hiyo hairuhusiwi wala haikatazwi.

Cornelius amepiga simu anauliza abomoe ile ntumba, inaziba uwanja, na kuku wameshaigeuza kiota. Nimemwambia aiache. Mvua zikianza aipande maharage. Dawa zangu zinaisha Mei, ulezi unavunwa Juni, na udongo uliokandwa na mvua ya msimu mzima utabeba chungu vizuri kuliko huu.

"Na sugu?" akauliza.

"Ipi?"

"Zangu. Zimepasuka."

"Pakaa mafuta ya nyonyo," nikamwambia. "Ufunge na kitambaa."